Tashbihi Namba Tano

Fundi cherehani yule alikuwa na ugonjwa mmoja: kutaka kujua. Mteja akileta gauni la kupunguzwa, lazima aulizwe kama gauni ndilo limepanuka au yeye ndiye kakonda. Basi alasiri moja binti wa mumewe alitandaza madaftari juu ya meza ya kukatia nguo, akalalamika kwamba kesho anatakiwa kupeleka tashbihi tano na sitiari tano kuhusu watu wa nyumbani. Fundi akasimamisha cherehani palepale.

"Sitiari ndiyo mdudu gani?"

"Rahisi tu, mama mdogo. Nikisema baba anakoroma kama trekta, hiyo tashbihi. Nikisema baba ni trekta, hiyo sitiari."

"Yaani ukiondoa 'kama', kwisha?"

"Kwisha. Au 'mithili ya', au 'sawa na'."

Fundi hakuridhika. Watu wazima wenye akili zao hawawezi kuhangaika kutunga majina mawili kwa sababu ya kaneno kamoja. Alichukua sketi iliyokuwa ikimsubiri, akaanza kuipiga bandi, ule mshono mrefu wa mkono wa kushikiza vipande kwa muda kabla havijapitishwa cherehani. Hapo jibu likamjia, akafurahi mpaka akajichoma sindano. Tashbihi ni bandi! Vitambaa viwili vimeshikana, lakini bado unaona kila kimoja, na ukighairi unavuta uzi, vinaachana. Sitiari ni cherehani ikishapita. Na fundi hapitishi cherehani mpaka awe na uhakika.

Alinyanyuka kwenda kumtangazia binti ugunduzi wake. Binti alikuwa ameenda kuoga, daftari ameliacha wazi. Kazi ya shule si siri, fundi alijiambia, akasoma. Tashbihi namba tano: Mama mdogo ni kama mama yangu.

Akaikodolea macho ile "kama". Mama mzazi wa binti alifariki mtoto akiwa hajaanza hata kutembea. Yeye fundi aliolewa nyumba ile miaka minane iliyopita, akamshonea sare, akamuuguza, akamsuka, wala hakuwahi kumuuliza, "Mimi kwako ni nani?" Aliogopa jibu. Sasa jibu hilo hapo, kwa wino wa buluu: bandi. Roho ilimuuma, tena sana. Upande wa sitiari walikuwa wamejaa watu wengine, baba trekta, bibi redio isiyozimwa.

Binti akarudi, taulo begani. Mwanamke mwingine angemeza mate na kunyamaza, lakini huyu tumeshaambiana ugonjwa wake.

"Hii namba tano," alisema, akijidai anatafuta mkasi, "haiwezi kuhamia kwenye sitiari?"

Binti aliinama, akaisoma, akakunja uso. "Haiwezi."

"Haya." Mkasi ulikuwa mkononi mwake muda wote.

"Sitiari unakipa kitu jina lisilo lake. Baba si trekta kweli, magurudumu yako wapi? Nikikuweka huko, nitakuwa nasema wewe si mama kweli." Akatafuna kalamu kidogo. "Tena hata hapa nimekosea. Niliijaza haraka ili zitimie. Mwalimu anasema tashbihi inataka vitu viwili tofauti. Hapa viwili viko wapi?"

Akachukua rula, akaikata namba tano kwa mstari mmoja ulionyooka.

Fundi alirudi kwenye kiti chake na kuishika ile sketi, asione hata mshono mmoja kwa machozi. Nadharia yake nzuri ilikuwa imefumuka yote, na katika maisha yake ya ufundi hakuwahi kufurahia kufumuliwa kazi namna ile.

"Zimebaki nne, mama," binti alisema, kalamu tayari. "Nisaidie moja ya baba."