Fundi kutoka Bondeni

Pale Mpui, ukitaka kujua gunia la maharage lina mawe kiasi gani, usimuulize mwenye gunia. Mwite Bertilla. Atapandisha mkono wa sweta, atazamisha mkono mpaka kwapani, atatoa konzi kutoka chini kabisa ambako watu huficha aibu zao, kisha atamtazama muuzaji bila kusema neno. Wauzaji wengi hupunguza bei palepale, hata wasio na hatia. Bertilla si mtu wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Anajua kwamba watu wanalijua hilo, na nikisema kweli, anafurahia kujulikana hivyo kuliko inavyompasa mkulima wa ulezi.

Mwaka huo alikuwa na jambo moja tu kichwani: kupaua nyumba. Kuta zilikuwa zimesimama, matofali ameyachoma mwenyewe, lakini yalikuwa yameunganishwa kwa udongo. Mvua zilizopita zilikuwa zimekwisha kulamba kona moja. Zikija nyingine kabla ya bati, kingebaki kichuguu. Na ndani ya nyumba ile alitaka kumhamishia mama yake, Bibi Salome, aliyekuwa akiishi nyuma ya migomba katika kibanda cha nyasi zilizokwisha kuoza. Msimu uliopita Bertilla alikuwa akimkuta asubuhi bibi wa watu amekaa kwenye kigoda, amefungua mwavuli ndani ya nyumba, anakohoa. Akaapa kwamba mama yake hatapigwa na mvua nyingine.

Bibi Salome yeye hakuapa chochote.

"Nyumba yangu inanijua," alisema. "Hiyo yako sijui kama tutaelewana."

Fundi wa kwanza kuja alikuwa Obed, kijana wa Sumbawanga mjini, miwani ya jua kichwani, simu imejaa picha za mapaa ya rangi zote. Bertilla akazitazama moja moja, akamrudishia simu yake.

"Nzuri sana. Nyumba hii iko wapi?"

"Hiyo iko Mbeya, mama."

"Na hii?"

"Hiyo nayo iko hukohuko."

"Basi nitafutie iliyo karibu, niongee na mwenyewe."

Obed akasema atapiga simu. Mpaka leo hajapiga, na Bertilla hakumngoja.

Kisha binamu yake Rosina, aliyeolewa Milepa, akampa sifa za fundi mmoja wa kulekule bondeni aitwaye Zenon. Sifa hazimtoshi Bertilla. Akapanda gari akateremka ukingo wa milima ya Lyamba lya Mfipa, masikio yakiziba kwa mteremko, akafika Milepa kwenye joto lile akiwa bado na sweta lake la baridi ya Ufipa. Akavua sweta, akaanza kazi. Kila nyumba aliyopaua Zenon aliingia, akaomba milango na madirisha yafungwe, akasimama gizani kutafuta tundu la mwanga kwenye bati. Akawauliza wenye nyumba: alimaliza siku aliyosema? Aliwahi kuacha kazi yenu akakimbilia ya mwingine? Ilipovuja, alirudi? Wote wakamsifu. Mama mmoja alisema paa lile ni la baraka, unalala mchana wa jua kali ndani humo bila hata kupepea.

Zenon mwenyewe alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, mpole, anayesema shikamoo kwa kuinama kidogo. Bertilla alimpenda mara moja, ingawa alificha. Wakaandikiana mkataba mbele ya Teodori, mwenyekiti wa kitongoji. Mbao na bati alinunua Bertilla mwenyewe, akakataa bati nyembamba mbele ya mwenye duka mpaka mwenye duka akacheka. Hakuna alichosahau.

Kumbe alikuwa amesahau upepo.

Msimlaumu. Mtu wa Ufipa haulizi habari za upepo, kama vile samaki asivyouliza habari za maji. Tangu mwezi wa sita unavuma mpaka unazoea kutembea umeinama. Kila paa la Mpui lina upenu mfupi, limefungwa kwa waya kwenye ukuta, na pale juu pamezibwa matofali mpaka kwenye bati. Hakuna anayekumbuka kwamba mambo hayo yana sababu. Zenon naye kwao wanakimbia jua. Kwao upenu unatoka nje mrefu uwape watu kivuli, na kati ya ukuta na bati wanaacha nafasi hewa ya moto itoke. Alipaua hivyo kwa sababu ndivyo alivyofundishwa, na alipaua kwa moyo wote.

Majirani waliona. Walipita njiani, wakatazama upenu ule uliotandaza mabawa, wakasema hongera, wakaenda zao. Mmoja alimwambia mkewe kwamba pale pana kasoro. Mke akamjibu, "Nani huyo wa kumfundisha Bertilla?" Hapo ndipo sifa zilipomponza.

Mwisho wa mwezi wa tisa, bati chache zikiwa zimebaki upande wa nyuma, Bertilla alitandika turubai uani apepete ulezi. Alisimama palepale anaposimama kila mwaka, akainua ungo, akamwaga. Punje zikaanguka turubaini. Makapi, ambayo kila mwaka huruka mpaka shambani, yakageuka, yakaingia chini ya upenu, yakapanda juu ya ukuta, yakapotelea ndani ya nyumba. Akamwaga tena. Yakafuata njia ileile.

Akaweka ungo chini, akaingia ndani. Makapi yalikuwa yakizunguka juu ya kichwa chake, na bati za pembeni zilikuwa zikiinuka na kushuka, zinahema. Aliona paa zima likiondoka kabla hata ya tone la kwanza, kuta zikiyeyuka, na mama yake amekaa kwenye kigoda na mwavuli.

Hasira zikampanda, kwanza juu ya Zenon. Kisha akakumbuka maswali yote aliyouliza Milepa, moja moja, na hasira zikarudi nyumbani.

Hakumfokea fundi juu ya ngazi mbele ya vibarua wake. Alipika ugali, akakaanga migebuka, akamwita ale. Alipoona amekula nusu ndipo akasema.

"Mwanangu, paa limekaa vizuri. Ila halitamaliza mwezi."

Zenon akaacha tonge. "Mama, paa langu halijawahi kuvuja."

"Sijasema litavuja. Nimesema litaondoka."

"Misumari nimepiga yote."

"Najua. Nilikuwa nahesabu."

Akamweleza. Zenon akasikiliza huku uso ukikunjamana. Akasema ile nafasi ni ya hewa, kwamba Milepa ukimzibia mtu pale juu atakulaani wewe na ukoo wako.

"Na hapa usipoziba," Bertilla akasema, "paa hili tutalitafuta Kaengesa."

"Sasa mbona hukusema siku ile, mama? Uliniuliza kila kitu. Uliniuliza mpaka kama nakoroma."

Bertilla akasogeza bakuli la samaki upande wake. Halikuwa jambo jepesi kwake kulisema, hasa kwa mtu anayemwita mama.

"Nilisahau kwamba kuna watu wasio na upepo," alisema mwishowe. "Wewe hukuuliza, mimi sikusema. Tumekosa wote wawili. Njoo uone."

Akamsimamisha ndani ya nyumba, yeye akatoka na ungo. Akamwaga. Zenon akaona makapi yanaingia kama wageni waliokaribishwa, akainua macho, akaona bati lake alilolipigilia kwa mikono yake linapumua. Makapi yakamjaa kichwani na kwenye nyusi.

"Kwetu upepo unapita," alisema alipotoka. "Huku unabisha hodi."

"Tena hausubiri kukaribishwa."

Akacheka, ingawa kwa shida. Bertilla akasema waya atanunua yeye, mikono iwe ya Zenon, na chakula hakitakosekana. Zenon akakubali. Akang'oa bati za pembeni, akakata upenu mpaka ukawa mfupi kama wa majirani, akatoboa ukuta mistari kadhaa ya matofali chini ya bati, akapitisha waya mnene, akaifunga kila kenchi, zile mbao zinazobeba bati, na kuusokota mpaka waya ukalia. Pale juu wakaziba kwa matofali, Bertilla mwenyewe akikanda udongo. Jioni Zenon alikuwa akitetemeka kwa baridi karibu na moto, na Bibi Salome akimpa uji wa ulezi na kumuuliza kama kwao watu hawana mifupa. Siku ya kuondoka Bertilla alimfungia lile sweta lake kwenye mfuko, akamwambia akalivae mteremko utakapoanza. Zenon akaona haya kumwambia kwamba mteremko ukianza ndipo joto linapoanza.

Bibi Salome alihama bila shangwe. Alileta kitanda, blanketi, rozari na kuku wake. Lakini jiwe lake la kusagia ulezi aliliacha kule kwenye kibanda, na kila asubuhi alijikongoja kwenda kusaga kulekule chini ya nyasi zinazodondoka. Bertilla akijitolea kulibeba, anaambiwa liache kwanza. Alielewa maana yake, na ilimuuma. Mama alikuwa amekuja kutembea.

Mwezi wa kumi na moja, mchana, mbingu ikawa nyeusi upande wa kusini na upepo ukaja mbele ya mvua. Uliangusha migomba, ukabeba beseni la jirani. Bertilla alimwingiza mama ndani, akafunga mlango, akasimama katikati ya chumba, macho juu, kamba mkononi, ingawa hata yeye hakujua angeifunga wapi. Simu ikalia.

"Shikamoo mama. Huku wanasema huko juu kumechafuka. Vipi?"

"Marahaba. Subiri." Akainua simu juu ya kichwa chake, mkono umenyooka. Kenchi zililalamika kidogo. Waya ukalia. Bati hazikuhema.

"Nasikia upepo," Zenon akasema. "Paa silisikii."

"Ndiyo, mwanangu," Bertilla akasema. "Lipo kimya."

Kisha mvua ikashuka, na hapo hapakuwa tena na kusikilizana na mtu, kwenye simu wala nje ya simu. Bati zote zilipiga kelele kwa pamoja. Bertilla alizunguka chumba kizima akipapasa kuta na sakafu. Pakavu. Kona ile iliyolambwa mwaka jana, pakavu. Alipogeuka akaona midomo ya mama yake inasogea. Akainama, akaweka sikio karibu kabisa.

"Nimesema," Bibi Salome akapaza sauti, kwa ukali wa mtu anayerudia jambo la wazi, "ikikatika, nenda ukaniletee jiwe langu."