Video ya Mama Akimshukuru Daktari

Wakili wetu alikuwa ametuonya kwamba hospitali tuliyoishtaki itaonyesha ile video. Hata hivyo, wakili wao alipogeuza kompyuta ili hakimu aone, sikuwa tayari. Mama alikuwa kwenye kizimba cha mashahidi, anajiona kwenye skrini akicheza mbele ya kanisa letu la mtaa wa Baba Dogo. "Nimepona kabisa! Mungu ambariki daktari wangu!"

Aki, ile sauti. Ilikuwa siku chache baada ya kufanyiwa upasuaji wa uvimbe wa kizazi, katika hospitali ya kibinafsi pale Kariobangi. Alikuwa hawezi hata kuinama afunge viatu. Mimi ndiye niliyemvalisha. Lakini kanisani kwetu mtu hangoji apone ndipo atoe ushuhuda. Unapokea kwa imani, unatangaza, halafu mwili utajua wenyewe. Watu wakarekodi, video ikazunguka kwenye grupu ya akina mama.

Homa haikuisha. Kidonda kikaanza kutoa usaha. Mwishowe hospitali nyingine ikamfungua upya, na daktari akatoa tumboni kitambaa cha kufyonzea damu, kimeoza. Ndipo tukashtaki. Hospitali ya kwanza ikakana kabisa: kitambaa si chetu, mgonjwa alitoka hapa mzima, alisema kwa kinywa chake mwenyewe. Pale kwa ploti tunapopanga watu walikuwa wameshaanza kunong'ona kwamba Mama ni mwongo anayetafuta pesa za bure. Kesi ikianguka, jina hilo lingemganda.

"Mama," wakili wao akauliza, mpole kama mkwe, "siku ile ulimdanganya Mungu, ama leo unaidanganya korti?"

Shenzi! Nilitaka kuruka pale nilipoketi nimnyang'anye hiyo kompyuta. Nikabana mikono katikati ya magoti. Jibu, Mama, jibu tafadhali.

Mama akakaza leso kiunoni.

"Sikudanganya mtu. Sisi hushukuru mapema. Hapo kwa video nilikuwa naumwa, na kesho yake nilirudi kwa huyo daktari nikamwambia naumwa. Hata hakunigusa. Aliniambia ni kawaida, niende nyumbani. Nikamwamini vile ninavyomwamini Mungu. Lakini Mungu hajawahi kunisahaulia kitambaa tumboni."

Hakimu aliandika kwa muda mrefu. Wakili wao akafunga kompyuta, akasema hana swali lingine.

Wakili wetu anasema Mama alijibu vizuri, lakini hukumu bado. Mimi silali. Simu yake ikiingia, naipokea kabla haijalia mara ya pili.

Jumapili iliyopita pasta alimwita mbele atangaze ushindi wa kesi kwa imani. Akina mama wakaanza vigelegele, kipaza sauti kikaletwa hadi kwenye kiti chake. Mama hakusimama. Mkono wake ulikuwa juu ya tumbo.

"Bado, pasta," alisema. "Hii nitangoja niione kwanza."