Taaka na Diski za Shemeji

Habari zilimfikia Taaka kwa mdomo wa Akurut, mama anayeuza chai na mandazi mbele ya gereji. Ilikuwa saa nne asubuhi, malori yamejipanga kutoka mpakani mpaka nje ya mji wa Busia, na Taaka amelala chali chini ya gari la mteja.

"Mama Dorah, toka huko kwanza. Nina neno."

"Sema, nasikia."

"Hapana. Toka."

Taaka akatoka, mikono imejaa grisi. Akurut akatazama kushoto na kulia, kisha akasema kwamba pale steji ya pikapu watu wanaongea. Wanasema fundi Taaka anafunga pedi feki. Pedi za breki zinakwisha kabla ya mwezi kuisha, kwa sababu fundi ni mwanamke na hajui kazi, au anajua na ni mwizi.

"Nani anasema?"

Akurut akakoroga chai ambayo haikuhitaji kukorogwa. "Shemeji yako. Oketcho."

Taaka aliokota kitambaa, akaanza kufuta vidole kimoja kimoja, na kila kidole alichofuta hasira ilipanda. Sasa alielewa kwa nini Geoffrey, mteja wake wa miaka mitano, alipita na gari lake juzi bila kusimama, akaenda kwa fundi wa ng'ambo ya barabara.

Ufundi Taaka hakuupata kwa bahati. Alizaliwa Buteba, upande wa Uganda, binti wa wakulima wa mihogo, na alipomaliza shule alivuka kwenda Busia ya Kenya kujifunza kwa fundi mmoja aitwaye Wabwire. Wanaume waliokuwa wakijifunza naye walimcheka. Walimpa kazi ya kuosha vyuma kwa petroli mwaka mzima, wakidhani atachoka. Hakuchoka. Wabwire alikuwa mtu mkali, asiyependa mafundi wa kubahatisha. Akimkuta mtu anatazama diski ya breki kwa macho tu na kusema "hii bado nzuri," alimfukuza kazini siku hiyo. "Jicho lako si kipimo," alikuwa akisema. "Pima!" Taaka alikaa naye miaka tisa, kisha akarudi upande wa Uganda, akafungua gereji yake nyuma ya maegesho ya malori. Aliolewa na Owor, Mjopadhola wa Sop Sop anayefanya kazi ya kupitisha mizigo forodhani, wakapata binti, Dorah. Wateja walimjua kwa mambo mawili: mkono safi na mdomo mkali.

Basi mwezi wa pili, mdogo wake Owor, huyo Oketcho, alileta pikapu yake gereji. Alikuwa akibeba nyanya kati ya Busia na Tororo, siku sita kwa wiki. Kila akikanyaga breki, magurudumu ya mbele yalilia chuma juu ya chuma, na watu barabarani waligeuka.

Taaka alipandisha gari kwa jeki, akafungua gurudumu. Pedi zilikuwa zimekwisha kabisa, limebaki bati lake tu, na lile bati ndilo lililokuwa likisaga diski. Alipitisha ukucha juu ya diski, ukucha ukaingia kwenye mifereji. Pembeni palikuwa na ukingo uliosimama, mahali ambapo pedi haifiki, na uso wa chuma ulikuwa na mabaka ya bluu ya moto. Akachukua kipimo chake cha chuma, akapima sehemu nne.

"Shemeji, njoo uone mwenyewe. Hapa pameandikwa ishirini na tatu. Maana yake, diski ikifika chini ya milimita ishirini na tatu, itupwe. Yako iko ishirini na moja. Na upande ule mwingine ni hivyo hivyo."

"Mimi nilikuja kubadilisha pedi," alisema Oketcho.

"Pedi mpya juu ya hii diski ni kazi bure. Hii mifereji itazila. Na chuma kikiwa chembamba hakivumilii moto, kinapinda. Utashuka mteremko na nyanya zako, utakanyaga, usukani utakutetemekea mikononi. Siku nyingine utakanyaga na hutapata breki kabisa."

"Basi kachonge kwenye mashine, iwe laini."

"Nichonge nini? Kuchonga ni kupunguza. Ingekuwa bado nene ningekuchongea. Hapa hakuna nyama ya kukata."

Oketcho akacheka, kicheko cha mtu anayejiona amegundua ujanja wa mwenzake. "Nyinyi mafundi wote ni wamoja. Mtu analeta tairi, mnamuuzia gari zima."

Neno hilo lilimchoma Taaka, maana halikuwa kweli. Wiki ileile mwalimu mmoja aitwaye Kate alikuja akitaka pedi na diski mpya zote, kwa kuwa rafiki yake alimwambia vitu hivyo hubadilishwa pamoja kila mara. Taaka alipima, akakuta diski nzima, nene, uso wake laini, hazijapinda. Akamwambia asipoteze pesa, akafunga pedi tu, akamwacha aende. Kwake hilo si suala la kupenda wala kuogopa, ni la kipimo.

Lakini Oketcho alitoa simu, akampigia kaka yake, akampa Taaka asikilize.

"Mama Dorah," Owor alisema, kelele za forodhani nyuma yake, "mfanyie tu anachotaka. Ni ndugu yangu, tusigombane juu ya vyuma."

Na Taaka akafunga. Alinunua pedi nzuri, halisi, akazifunga juu ya diski zilizokwisha, huku moyo wake ukikataa. Alimwambia Oketcho mara mbili zaidi kabla hajaondoka. Oketcho alipunga mkono dirishani.

Haikufika wiki ya nne, pedi zimeliwa, usukani unatetemeka, na Oketcho yuko steji anamwaga jina la Taaka chini.

Akurut alimaliza kusimulia ya steji. Taaka akachukua jeki, spana ya magurudumu na kile kipimo, akatoka na ovaroli yake hivyo hivyo. Njiani walimsalimu watu wawili, hakuitika.

Steji ilikuwa imejaa pikapu za nyanya, vitunguu na mkaa. Oketcho alikuwa ameegemea gari lake, mzigo umeshafungwa, anatafuna muwa.

"Shemeji! Umekuja kunisalimia?"

"Nimekuja kufungua gurudumu lako. Mbele ya hawa uliowaambia mimi ni mwizi."

Madereva walisogea. Mmoja akapiga mluzi, mwingine akasema leo kuna sinema. Oketcho alitema makapi ya muwa.

"Nani amekuita? Gari ni yangu. Nakwenda Tororo sasa hivi."

"Huendi."

"Taaka, usiniaibishe hapa."

"Mimi nikuaibishe? Wewe umeniuza hapa wiki nzima! Jina langu umelifanya kitambaa cha kufutia mikono! Leo utasikiliza chuma, maana mtu hukumsikiliza."

Mwenyekiti wa madereva, Paddy, mtu mnene asiye na haraka, alitoka kivulini. "Oketcho, kama huyu mama ni mwongo, kuna hasara gani tukiona? Mwache afungue."

Taaka alipandisha gari, akazungusha nati moja baada ya nyingine kwa nguvu mpaka jasho likamwingia machoni. Gurudumu likatoka. Hakupima yeye. Alimpa Paddy kipimo.

"Soma wewe, Mwenyekiti. Anza na hapo kwenye maandishi."

Paddy aliinama kwa shida, akasoma ishirini na tatu. Kisha akabana kipimo kwenye diski, akakitazama, akakitazama tena. "Ishirini," alisema. "Haifiki hata ishirini." Akapitisha kidole, akakiondoa haraka. "Na imepasuka. Tazameni, ufa huu hapa."

Hakuna aliyepiga mluzi tena. Kila mmoja pale alishashuka mteremko na mzigo mgongoni, alijua Paddy anasema nini. Mmoja aliitazama kamba ya nyanya, akaitazama barabara.

Taaka alifungua mdomo ili amalize kazi, amseme Oketcho mpaka achoke, lakini Oketcho alimtangulia. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Sawa! Imekwisha! Lakini wewe ulijua. Wewe ndiye fundi. Ulijua ni mbaya na bado ukanifungia, ukanipa funguo, ukaniacha niende. Sasa nani mwovu?"

Lilikuwa neno la kweli kutoka kwa mtu aliyekuwa mwongo wiki nzima, na hilo lilimkasirisha Taaka kuliko uongo wenyewe. Alijiona siku ile, simu sikioni, akiwa na kipimo mkononi, akikubali.

"Leo sikufungii," alisema.

Akaokota nati zote za lile gurudumu, akazitia mfukoni mwa ovaroli, akaondoka. Aliacha hata jeki yake chini ya gari. Nyuma yake alisikia Paddy akiwaambia watu wahamishe nyanya kwenye pikapu nyingine, na kwamba gari la Oketcho halitoki steji mpaka lipate diski.

Jioni Owor alifika nyumbani bila salamu.

"Umemvua nguo ndugu yangu mbele ya watu. Mama amepiga simu kutoka Sop Sop, analia."

"Alie," Taaka alisema. Alikuwa anamenya ndizi na kisu hakikusimama. "Nani aliniambia nifunge? Si wewe? Ulikuwa unaiona ile diski ukiwa forodhani?"

"Nilitaka amani."

"Amani! Umetafuta amani kwa breki za mtu! Angegonga watu kule Buteba, ungewapigia simu ukawaambia tusigombane juu ya vyuma?" Akaweka kisu chini. "Na mimi mjinga zaidi yako, maana mimi nilikuwa naiona. Sasa sikia, Baba Dorah. Pale gereji mimi ndiye ninayesema ndiyo au hapana. Simu yako pale haina kazi."

Owor alikula peke yake. Hawakuzungumza tena siku hiyo, wala iliyofuata.

Siku ya tatu Akurut alileta habari nyingine. Oketcho amevuka Kenya, amenunua diski mbili mpya na nati nyingine, na fundi wa ng'ambo ya barabara amemfungia palepale steji. Taaka alikuwa karibu kumshukuru Mungu. Kisha akauliza, "Na pedi?"

"Pedi zipi? Wamerudisha zilezile, wanasema bado zina unene kidogo."

Taaka alitukana kwa Lusamia, lugha ya kwao, tusi ambalo Akurut, Mteso, alilielewa bila kutafsiriwa. Pedi zile zilikuwa zimechukua umbo la mifereji ya diski ya zamani. Zingekalia chuma kipya kwa matuta matuta, zikikikwaruza, na breki ingekuwa nusu. Alikaa kwenye benchi akajiambia si kazi yake, alimradi yeye hakufunga. Alikaa kama dakika kumi. Kisha akainuka amekasirika upya, akachukua pedi mpya dukani, akaenda.

Oketcho alipomwona alisimama tuli.

"Toa hizo pedi," Taaka alisema. "Ni za diski iliyokufa."

"Umekuja kunitukana tena?"

"Nimekuja kufanya kazi ambayo ningeifanya mwezi wa pili. Pandisha gari."

Oketcho alisita, kisha akalipandisha. Walifanya kazi pamoja, yeye akishika, Taaka akifunga, kushoto na kulia. Walipomaliza Taaka alipanda kiti cha abiria, akamwambia aelekee Buteba, gari tupu. Kila baada ya kitambo alimwamuru apunguze mwendo taratibu bila kusimama kabisa, kisha akimbize tena, ili pedi na diski zizoeane. Mara ya nane au ya tisa Oketcho alisema, kwa sauti ndogo, "Usukani umetulia."

"Umetulia. Sasa kilichobaki ni ulimi wako. Uliyoyasema steji, nenda ukayaseme tena, ila sasa sema ukweli."

Oketcho alisema, kwa namna yake. Aliwaambia madereva kwamba pedi hazikuwa feki, diski ndizo zilizokuwa mbovu, na kwamba fundi Taaka anajua kazi ila ana ulimi wa msumeno. Msamaha hakuomba. Geoffrey alirudi baada ya wiki mbili, na Taaka akamtoza kama mteja mgeni.

Pasaka walikutana wote Sop Sop, nyumbani kwa mama mkwe. Taaka alimsalimu Oketcho, akamwuliza habari za watoto, akampakulia chakula kama desturi inavyotaka. Zaidi ya hapo hakumpa neno. Owor alimwomba amsamehe mdogo wake, na Taaka akasema atamsamehe, lakini si mwaka huu.