Kaburi la Uongo Nyuma ya Migomba

Nimewahi kutengeneza kaburi la uongo kwa mikono yangu. Mama wa marehemu akalitazama, akaniambia asante.

Kama umeshaanza kunihukumu, hukumu tu. Nastahili. Ila nisikilize hadi mwisho.

Naitwa Sylvain. Nyumba yetu iko Shasha, juu kidogo ya barabara ya Sake kwenda Minova. Ukisimama uani unaliona ziwa lote. Watu wa Goma wanaotafuta utulivu wa wikendi walikuwa wanalala kwangu kwa dola kumi na tano. Kitanda, chandarua, visamaki vya sambaza vya kukaanga, basi.

Siku moja akaja binamu yangu Cindy, ambaye kazi yake ni kupamba nyumba za watu mjini. Akazunguka uani, akaguna.

"Sylvain, weye unauzisha kitanda. Bageni banalipa macho! Hapa mbele ya ziwa weka terasi, karo nyeupe, viti bibili, taa. Utaomba makumi ine."

"Makumi ine kwa usiku moja?"

"Na batalipa. Ila ile mawe uitoshe. Nani atakunywa kahawa pembeni ya kaburi?"

Hapo ndipo penye kisa.

Sehemu nzuri kuliko zote uani kwetu ilikuwa na kaburi dogo la mawe meusi. Halikuwa la ukoo wetu. Mwaka 2012 mama yangu, Mama Emérence, alimpokea mwanamke aliyekimbia vita kutoka Burungu kwa miguu, mtoto mgongoni ana homa. Mtoto akafia mikononi mwao. Aliitwa Laetitia, miaka miwili.

Mama akatoa sehemu ya kumzika. Akamwahidi yule mwanamke, "Enda, mi nitamuchunga." Kwetu mtu akikuachia marehemu wake amekuachia amana, huwezi kuigusa bila yeye. Kila tarehe mbili Novemba mama alipalilia pale na kuweka maua.

Mimi wakati ule nilikuwa nasoma Bukavu. Yule mwanamke sikuwahi kumwona.

Basi mwaka huu mama akaenda Goma kumtunza dada yangu aliyejifungua. Nikajiona mjanja. Nikang'oa mawe, nikasawazisha udongo, nikamwaga simenti, nikabandika karo, vile vigae vyeupe. Mtoto sikumhamisha. Tusidanganyane, nilijua ninachofanya.

Picha zikaenda mtandaoni. Simu ikawa hailali. Dola arobaini, na watu wanabembeleza!

Ijumaa moja akafika mwanamke peke yake, wa makamo, kitambaa kichwani. Aliitwa Colette, mwalimu huko Uvira. Alikuwa amelipia siku tatu. Nikamwonyesha chumba, shuka nyeupe, mito minne. Hakukitazama.

"Kaka, hii ni nyumba ya Mama Emérence?"

"Njo yenyewe, Mama. Ni mama yangu."

Akashika ukuta. "Niliona foto, nikajua ile ziwa. Mutoto yangu iko hapa kwenu."

Nikaanza kuzinyoosha shuka ambazo tayari zilikuwa zimenyooka.

Ningeweza kusema. Alikuwa mbele yangu, sauti yake ya upole tu. Lakini niliwaza wageni wa Pasaka waliokwisha kulipa, nikawaza atakachoandika chini ya zile picha. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Iko nyuma ya migomba, Mama. Lakini nyasi imepanda sana. Nitafyeka, Jumapili nitakuonyesha."

"Sawa."

Akatoka, akazunguka uani polepole, akaenda kukaa kwenye terasi. Asubuhi nikamkuta amelala palepale, kwenye mkeka, kajifunika kitenge. Kitanda cha dola arobaini hakikuguswa. Nikadhani anapenda upepo wa ziwa.

Jumapili akaenda misa. Kanisani wanaimba, mimi nyuma ya migomba nabeba mawe. Nikayapanga vizuri, nikachomeka ua jekundu. Hata mimi nililiamini kidogo.

Aliporudi nikampeleka. Alilitazama kaburi lile. Halafu akanitazama mimi, siyo mawe.

"Aksanti, kaka. Nitarudi na ndugu yangu."

Mwezi mmoja baadaye mama akarejea kutoka Goma. Hakuingia hata ndani. Alisimama kwenye karo na mzigo kichwani.

"Sylvain. Mutoto ya batu iko wapi?"

"Nilimuhamisha nyuma ya migomba, Mama. Na padri alibariki."

Mama akashusha mzigo, akachukua jembe, akaenda kupalilia lile kaburi la uongo. Alipiga magoti pale akimwomba mtoto radhi kwa usumbufu. Nilimwona kwa dirisha. Roho iliniuma, na bado nikakausha.

Miezi miwili ikapita. Colette akarudi na kaka yake, Luc, na shuka jipya jeupe. Walikuja kumchukua Laetitia wakamzike Burungu, karibu na bibi yake.

Hilo sikulifikiria hata kidogo. Mimi nilidhani mtu akishalia, yameisha.

Luc akachimba. Magoti. Kiuno. Udongo mgumu ambao haujawahi kuguswa na mtu. Akasimama, akajifuta uso.

"Hapa hapana kitu."

Mama akanigeukia. "Si ulisema ulimuhamisha?"

Colette hakungoja jibu langu. Alikwenda mlangoni pa mama, akaupa mlango mgongo, akaanza kutembea huku anahesabu kwa sauti. Hatua ya ishirini na tatu ikamfikisha kwenye terasi, katikati ya vile viti viwili.

"Iko hapa. Nilihesabu siku tulimuzika, nikahesabu tena siku ya kwanza nilifika kwako. Unafikiri nililala inje juu ya nini?"

"Mama Colette... kwa nini haukusema?"

"Ningesema, ungekana. Nilikungojea ujisemee."

Nilikwenda kuchukua nyundo. Nilivunja karo zangu mwenyewe, moja moja, na hakuna aliyenisaidia. Chini tulikuta kipande cha kitenge, na vingine ambavyo sitavisimulia.

Mama alipiga magoti mbele ya Colette. "Mwana wangu, uliniachia mutoto, nimeshindwa."

Colette akamwinua. "Hapana, Mama. Weye ulinichungia miaka yote."

Luc akavifunga katika lile shuka jeupe. Wakaondoka.

Mama amerudi Goma kwa dada. Nikimpigia simu anapokea, anauliza kama mvua imenyesha. Jina langu halitaji, na mimi naogopa kumuuliza lini atarudi.

Pamba nyumba yako, ndugu msomaji. Weka karo, weka taa, pandisha bei. Ila amana ya mtu usiiguse, na kama umeshaigusa, sema siku hiyohiyo. Mimi nilipewa miezi mitatu ya kusema, nikaimaliza kwa kupokea wageni.