Chatu wa Mavyaa

Mavyaa alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, naye ndiye aliyenioa, na alikuwa na chatu mmoja, naye ndiye aliyempenda. Mtaniambia nasema kwa chuki. Chuki ninayo, siifichi, lakini hili lilijulikana mji mzima wa Amu hata kabla sijaolewa.

Chatu alikaa katika ghala la chini, chumba kirefu kisicho na dirisha, mlimowekwa mahindi na ufuta uliotoka shamba la Kililana, ng'ambo ya pili kule bara. Marehemu baba mkwe ndiye aliyemleta bila kujua. Chatu alikuwa mdogo wakati huo, amejikunja ndani ya gunia la ufuta, na gunia lilipofunguliwa Amu watu wakatimua mbio. Mzee akasema asiuawe. Mwaka ule ule biashara ikamnyookea, na tangu hapo nyoka akawa hazungumziwi kama nyoka. Akaitwa Mwenye Nyumba. Mavyaa alishika kwamba ni jini mwema, Mwislamu, aliyekuja kuwalindia mlango, na jini halishwi kama mnyama. Jini hutengewa chano.

Basi kila Alhamisi jioni lilitengenezwa sinia la mti, likawekwa mayai mabichi, kipande cha halua na kikombe cha marashi, na kando yake chetezo cha udi. Sinia likiingizwa ghalani, mlango hufungwa kwa ufunguo. Asubuhi ya Ijumaa mlango ukifunguliwa, mayai yamepasuliwa yamebaki maganda, na halua haionekani hata alama yake. Mavyaa alikuwa akiwaonyesha wageni yale maganda kwa furaha ya bibi ambaye mjukuu wake amemaliza sahani.

Mimi nilitoka Siyu. Niliolewa miaka ya mwanzo ya uhuru, wakati mashifta wenye bunduki wamewatia watu hofu na mashamba ya bara yanaachwa moja moja, magunia hayaji tena Amu kama zamani. Nilikuja na sanduku langu, mikeka aliyonisukia mama, na paka jike wa kijivu ndani ya kikapu. Nilimlea tangu hajafungua macho. Wanawake wa nyumba ile walicheka mpaka wakashikana mabega.

"Amu paka wamejaa hata waziba ndia," alisema wifi mmoja, binamu wa mume wangu, "nawe watuletea mwengine kwa mashua?"

Mavyaa hakucheka. Nyumba yake haikuwa na paka hata mmoja, alisema paka humbughudhi Mwenye Nyumba. Lakini desturi yao ni kwamba kilichoingia na bibi harusi hakitolewi mpaka fungate iishe, na fungate ilipoisha paka alikwishajichagulia mahali pake. Alikuwa akikaa mbele ya mlango wa ghala, penye tundu la chini, tangu asubuhi mpaka jua kali. Panya akitoa pua, imekwisha. Akimaliza huniletea chumbani, ananiwekea penye viatu. Kwa muda mfupi nyumba nzima ikawa kimya, hakuna kinachokwaruza ukutani wala darini. Nilijivuna. Nilimwambia mume wangu kwamba paka wa Siyu amewafunza kazi paka wa Amu, naye akatabasamu akaangalia pembeni. Alikuwa mtu laini, mwenye sauti ya kuomba radhi hata anapoagiza chai.

Kubeba chano ni kazi ya bibi harusi mpya. Mavyaa alinikabidhi mwenyewe, mbele ya wanawake, na nilifurahi, kwani nilidhani nimepewa heshima. Nikaliingiza sinia, nikaliweka chini karibu na chatu, lile donge kubwa lenye madoa, nikatoka nikirudi nyuma kama nilivyofundishwa. Asubuhi mayai yalikuwa mazima, yamepangika vile vile. Sisimizi walikuwa wameiona halua.

"Hayala," alisema mavyaa.

Wiki iliyofuata hakula tena. Na iliyofuata. Mavyaa akaanza kuniangalia mikono. Aliuliza ninaoga na nini. Aliuliza mbele ya wageni kama kwetu tuna desturi ya kutawadha sawasawa. Akabadilisha mayai, akaleta ya bata, akaleta ya kanga. Akaongeza asali. Chatu alijikunja tu, amelala juu ya magunia matupu, mbavu zimeanza kuhesabika.

"Alikula miaka yote ile," mavyaa aliniambia. "Kitu gani kimeingia nyumbani, ila weye?"

Nikaliinua sinia, nikalirudisha jikoni.

Kisha ikaja sheria ya chakula. Mavyaa hakuitangaza kwa makelele, yeye hakupiga kelele kamwe. Siku moja nimekaa na wenzangu kula, nimenyoosha mkono, akaniondolea sahani taratibu kabisa. "Mwenye Nyumba hayala, mwanangu," alisema. "Nawe utakula?" Wenzangu wakaendelea na wali wao. Tangu siku hiyo nilikuwa napewa uji mwepesi wakati wa magharibi, na mchana nimeachwa hivyo hivyo. Nilijifunza kuiba machicha ya nazi jikoni. Nilikuwa nikiyatafuna nimekaa chooni, nimefunga mlango, na paka wangu ananingoja nje. Kwao chatu na mimi tulikuwa kitu kimoja, tumefungiwa njaa moja, tofauti ni kwamba yeye alionewa huruma.

Mume wangu alijua. Aliniona naisha, nguo zinanipwaya. Akija chumbani aliniletea tende mbili tatu mfukoni, akinipa bila kuniangalia usoni, na akiniomba nitafune polepole mama asisikie kokwa zikianguka.

Askari mmoja wa bara, aliyekuwa mteja wa duka lao pale pwani, alisikia habari akaja kuangalia. Alisimama ghalani mikono kiunoni.

"Sasa mama, hii si muiue tu?" alisema. "Kwetu hii ni kazi ya panga, dakika moja imeisha. Huyu msichana ndiye apewe chakula."

Mavyaa alimshukuru kwa adabu zote, akampa kahawa na kaimati, na alipoondoka akaamuru kibaraza alichokalia kioshwe. Mimi ndimi niliyekiosha. Hata hivyo nilimwombea dua askari yule, ndiye mtu pekee aliyetamka katika nyumba ile kwamba nina njaa.

Ikafika siku macho ya chatu yakageuka meupe, yamefunikwa ukungu. Leo najua nyoka anapotaka kujivua ngozi ndivyo anavyokuwa, lakini mavyaa alikuwa na maelezo yake. Mwenye Nyumba amejifumba mato, alisema, asimuone huyu wa Siyu. Akaita shangazi na mabinti wa jamaa, akawekewa kiti mlangoni mwa ghala, akaniamuru niingie nimlishe kwa mkono.

"Mfungue kanwa," alisema. "Mtie yai, na useme bismillahi."

Nilichutama. Nilikishika kile kichwa, ni kizito kuliko mtu anavyodhani, na kikavu, na baridi. Alikuwa dhaifu. Nilihisi koo lake linavyopiga katika kiganja changu, na Mungu ananiona, nilimwonea huruma. Nilipoingiza kidole kwenye ufizi aligeuka mara moja akaniuma kifundo cha mkono, akang'ang'ania. Yai likapasuka, likaenea gauni zima. Nikapiga kelele, nikavuta, damu ikachuruzika mpaka kwenye kiwiko.

"Taratibu!" alisema mavyaa. "Taratibu, utamuumiza!"

Nilifikiri anamwambia nyoka. Alikuwa ananiambia mimi.

Mabinti waliziba midomo kwa kanga, na wala hawakuwa wakilia. Alama za meno yale ninazo hadi leo, nikizisugua kwa mafuta hung'aa.

Mwalimu wa chuo akaitwa, akaandika kombe, aya za Kurani sahanini kwa zafarani, zikaoshwa kwa maji, nikanywa. Nikafukizwa. Nikaogeshwa maji ya visima tofauti. Chatu hakula. Ndipo mavyaa alipokata shauri, akalisema jioni moja kiwandani, ule uwanja wa katikati ya nyumba, mwanawe amekaa pembeni anachezea tasbihi.

"Mwezi wa Ramadhani ukiandama naye hayala," alisema, "mwanangu atakuata. Utarudi Siyu kwa ndia ile ile."

Mume wangu aliendelea kuvuta punje za tasbihi. Nilimwangalia, na nilimwangalia hasa, nikingoja neno moja. Alikohoa.

Msifikiri niliogopa kuachwa kwa ajili yake. Nilikuwa na mdogo wangu wa kike nyumbani, hajaposwa, na Siyu ni mahali padogo. Ikifika habari kwamba nimerudishwa kwa mkono mbaya, kwamba jini wa Amu amekufa njaa kwa sababu yangu, nani angekuja kupiga hodi kwa baba? Kwa hiyo nilikuwa namwomba Mungu usiku na mchana chatu yule ale. Sijapata kumwombea binadamu hivyo. Nilikuwa nikikibeba chano huku nikimnong'oneza, kula baba, kula, kula chochote.

Siku chache kabla mwezi haujaandama, niliamka nikakuta paka hayupo penye viatu. Nikatazama jikoni, nikapanda darini, nikamwita mpaka majirani wakaitikia kwa mzaha. Pale penye tundu la ghala hapakuwa na mtu. Nikawa bado namwita ndipo mavyaa alipofungua mlango wa ghala kwa ufunguo wake, akapiga kigelegele kilichosikika mpaka msikitini.

"Mekula! Mekula!"

Wanawake wakashuka mbio, nami nikashuka. Chatu alikuwa amejinyoosha ukutani, katikati ya mwili amevimba. Mayai yalikuwa mazima siniani, hata moja halijaguswa. Karibu na mlango palikuwa na manyoya ya kijivu, na ukutani mikwaruzo, mahali alipojaribu kupanda.

Mavyaa hakuwa mjinga. Aliyaona mayai, aliyaona manyoya, akanielewesha kwa upole, ameniwekea mkono begani kwa mara ya kwanza tangu niolewe.

"Alitaka kafara, mwanangu. Alitaka ulichokipenda, nawe ukimnyima. Sasa mumepatana."

Akanikalisha kiwandani juu ya mkeka mzuri. Ukaletwa wali wa nazi na samaki wa kupaka, akanawa, akanitengenezea tonge kwa mkono wake, akanitia mdomoni mbele ya wote. Nikala. Nilikuwa na njaa, na wali ulikuwa wa moto. Machozi yalinitoka, nao wakasema ni ya furaha, wakapiga vigelegele vingine. Nililimaliza sinia.

Mchana mume wangu alirudi kutoka dukani amechangamka. Sikuwahi kumwona vile. Alifunga mlango wa chumba, akanishika mkono, ule wenye alama, akanong'ona kama anayenipa zawadi ya sikukuu.

"Ndimi niliyemtia."

Sikuelewa. Nilimuuliza amemtia nani, wapi.

"Paka. Nalitukua ufunguo mama amelala, nikamtia ndani. Naliyua atamla." Akacheka kidogo. "Yule nyoka hali mayai. Naliyua tangu utotoni, nikitungulia penye tundu. Mayai yaliwa na panya, naye ala panya. Wako akawamaliza panya wote. Baba aliniusia ninyamae, mama asivundike moyo."

Nilikaa kitandani. Nilitaka kuhakikisha nimesikia sawasawa, maana njaa humfanya mtu asikie mambo.

"Ulijua siku zile zote nikinyimwa chakula?"

"Naliyua."

"Na siku niliyoumwa?"

"Nali dukani," alisema upesi. "Lakini naliyua, ndiyo."

"Kwa nini hukumwambia?"

Alinishangaa, kweli alinishangaa, kana kwamba nimeuliza kwa nini hakuruka dirishani.

"Ningamwambiaye? Ni mamangu." Kisha akaona uso wangu, akakaza mkono. "Nimekuokoa, huoni? Sasa hapana wa kukutoa."

Nilimuuliza la mwisho. Nilimuuliza, na lau chatu asingemla paka? Lau mwezi ungeandama naye hajala?

Alifikiri. Hilo nalikumbuka vizuri, alifikiri kwa uaminifu, kwa kuwa hakuwa mwongo.

"Ningalikuata," alisema. "Lakini kwa wema. Ningalikupa haki zako zote."

Nilisikia mavyaa nje kiwandani akiamuru udi uongezwe. Kifuani hapakuwa na huzuni tena, palikuwa na hasira safi, iliyotulia, na nikajua kwamba mdogo wangu ataposwa au hataposwa, lakini mimi hapa silali.

"Basi niache," nilimwambia.

Alidhani namtania. Nikarudia. Tabasamu likamwisha, akauangalia mlango, akashusha sauti, akaniambia nisubiri.

Talaka aliitamka kesho yake baada ya sala ya alasiri, alipokwisha kumuuliza mamake.