Mwaka Nilioishi Ndani ya Koti la Plastiki

Harufu ya plastiki iliyolowa jasho, ikichanganyika na spiriti ambayo mama alinipaka mbavuni kila asubuhi ili ngozi ikomae, ndiyo iliyotawala mwaka wangu wa kidato cha kwanza. Kwetu Suma mvua hukaa kama mtu wa nyumbani, na nguo zilizoanikwa huweza kumaliza wiki hazijakauka. Chini ya sweta ya shule nilivaa fulana yenye unyevunyevu, na juu ya fulana koti gumu lililonibana kutoka kwapani hadi nyongani, likafungwa kwa mbele na mikanda mitatu. Uti wangu wa mgongo ulikuwa umeanza kupinda. Mama ndiye aliyegundua, siku aliponipima gauni la kipaimara na pindo likakataa kukaa sawa.

Daktari aliyetupokea Mbeya hakutuficha kitu. "Koti hili halinyooshi mgongo, mama. Linauzuia usizidi kupinda wakati binti bado anarefuka. Alivae usiku na mchana, avue wakati wa kuoga tu." Mama, ambaye Kiswahili chake kilijaa Kinyakyusa, aliitikia kila neno, "Ndaga, daktari, ndaga," akishukuru kana kwamba nimeshapona. Tangu siku hiyo hakuniacha nibebe ndoo ya maji wala mkungu wa ndizi. Alipiga magoti mbele yangu kila alfajiri, akaikaza mikanda hadi pumzi ikanipungua, kisha akaniambia, "Vumilia, Sekela. Utanyooka."

Nyumbani nilivumilia. Shuleni, wiki ya pili tu, msichana mmoja alinigonga mgongoni kwa vifundo vya vidole, plastiki ikalia kama mlango. "Hodi! Kuna mtu humo?" Darasa zima likacheka. Anyisile, rafiki yangu niliyeketi naye dawati moja, naye alicheka, na kicheko chake ndicho kilichoniumiza kuliko vyote. Kesho yake, kabla ya kufika shule, nilijipenyeza kwenye migomba, nikalivua lile koti, nikalifunga kwenye mfuko wa nailoni na kulificha chini ya majani makavu. Jioni nililivaa tena, nikaikaza mikanda kwa nguvu zangu zote ili alama zionekane. Mama alizipaka mafuta zile alama taratibu, akinipa pole. Nilifanya hivyo mpaka mwaka ukaisha.

Tuliporudi Mbeya, daktari aliinua picha mpya ya eksirei kwenye mwanga. Mgongo ulikuwa umepinda zaidi. "Amekuwa akilivaa?"

"Analivaa, daktari," mama akajibu kabla sijafungua mdomo. "Mimi mwenyewe ndiye ninayemfunga."

Daktari akanigeukia. "Sekela?"

"Ndiyo," nikasema. "Ninalivaa."

Alituandikia barua ya kwenda Dar es Salaam kwa upasuaji. Njiani kurudi, tulipokaribia Tukuyu, mama aliikunja ile barua mara mbili. "Tumefanya yote waliyotuambia, na hayakusaidia," alisema. "Sasa nikawape mgongo wako waukate? Ukiamka huna miguu je?" Barua ile hatukuipeleka popote. Maneno mawili tu, "Nilikuwa ninalivua," yangeweza kumrudishia imani kwa madaktari. Sikuyasema.

Sasa ninafundisha shule ya msingi huku Kyimo. Ubavu wangu wa kulia umetokeza, bega limepanda, na kilima ambacho watoto hukipanda mbio, mimi husimama mara tatu nikikipanda ili nitafute hewa. Mwaka jana nilimuuliza daktari mwingine kama koti lingenisaidia. Alisema wapo wanaolivaa kwa uaminifu na bado wanapinda. Alidhani ananifariji. Alichonipa ni kujua kwamba sitajua kamwe.

Mama amezeeka, na macho yake yamefifia. Jumapili nikienda kumsalimu, hunipapasa mgongo kwa kiganja chake hadi pale ulipopinda, halafu husema, "Mungu anajua tulijitahidi, mwanangu. Mimi na wewe tulijitahidi."

Nami humjibu, "Ndiyo, mama."