Siku Kairu Alipoingia Leleshwa

Juzi kijana wa makaa alinishushia gunia mbele ya kibanda changu pale sokoni Nakuru. Kabla sijafungua mdomo kumwambia kwamba nusu ya gunia lake ni vumbi, pua yangu ilikuwa imeshaondoka. Mdomo wa gunia alikuwa ameuziba kwa matawi ya leleshwa. Mnaoijua leleshwa hamhitaji kuelezwa. Msioijua, chukueni ile dawa ya kupaka kifuani mtu akiwa na mafua, ichanganyeni na majani makavu na vumbi lililoguswa na mvua ya kwanza, mtakuwa mmekaribia. Nikafumba macho nikavuta pumzi. Kijana akadhani bei yake imenichukiza, akaipunguza mwenyewe. Sikumsahihisha.

Mara nikawa niko kule shambani Ndabibi, nina miaka tisa, nimeshikwa mkono na cucu yangu, mama yake baba.

Miaka ya hamsini ilikuwa inaelekea mwisho. Baba alichunga mitamba ya Bwana mwenye shamba, kwenye miteremko inayopanda kuelekea Eburru. Sisi tuliishi kwenye laini za wafanyakazi, katika nyumba ya udongo ambayo ilikuwa yetu kwa sharti moja: mitamba irudi yote jioni. Sharti hilo halikuandikwa popote, ila hata mtoto wa kubebwa alilijua. Mwezi mmoja tu nyuma mchungaji jirani yetu alipoteza mtamba. Kesho yake tulimwona mkewe akipita na sufuria mgongoni na kuku kwapani, watoto wanamfuata, na hakuna aliyewauliza wanakwenda wapi kwa sababu hata wao hawakujua.

Mwaka huo nilikuwa nimeanza shule ya shamba, na mwalimu alikuwa amenifundisha kuhesabu mpaka mia. Hakujua anachokifungulia mlango. Nilihesabu nguzo za ua, nilihesabu maharagwe kwenye sahani yangu na kwenye sahani za wenzangu, nilihesabu meno ya cucu wakati anacheka. Kila kitu mara mbili, maana hesabu ya kwanza siku zote niliishuku, na mpaka leo naishuku.

Shida ni kwamba kwetu mifugo haikuhesabiwa. Watoto pia. Ukitaka kujua kama wote wamerudi, unawatazama mmoja mmoja, unawataja kwa majina. Kutamka idadi ni kuwaitia balaa. Kwa hiyo asubuhi ile, baba akiwa amelala na mguu uliovimba kwa mwiba, cucu na mimi tukitoa mitamba badala yake, nilisimama langoni nikasema kwa sauti ya darasani, "Kumi na tisa!" Kiganja cha cucu kilinifunga mdomo kabla sijaanza mara ya pili.

"Unataka wapungue?" akaniuliza. Hakuwa akitania.

Jua lilipofika utosini tulikuwa kwenye birika la maji. Nilihesabu kimoyomoyo. Kumi na nane. Nikarudia, nikianzia upande mwingine. Kumi na nane. Kumwambia cucu nilishindwa, maana ningemwambiaje bila kukiri kwamba nimehesabu tena? Lakini yeye alikuwa ameshasimama, anatazama nyuso.

"Kairu hayuko," akasema.

Kairu alikuwa mtamba mweusi mwenye mimba, ambaye kwa mujibu wa daftari la Bwana angezaa mwezi ujao. Nyayo zake zilitoka kwenye birika zikaingia moja kwa moja kwenye leleshwa, na pale leleshwa ilikuwa ndefu kuliko mtu mzima, imefungamana, imetanda mlima mzima kama blanketi la kijivu. Kando ya birika alikuwapo mzee Kiptoo, mchungaji wa upande wa pili, ambaye hajawahi kuona msiba asioufanyia mzaha.

"Mama Njoroge," akamwambia cucu, akimwita kwa jina la baba, "huyo amekwenda kusalimia nyati."

"Wewe nichungie hawa. Mdomo wako utauchunga baadaye."

"Na nyapara akija kuhesabu saa kumi?"

"Atatukuta."

Tukaingia. Hatua ishirini hivi, nikageuka nyuma: birika halipo, Kiptoo hayupo, ulimwengu haupo. Matawi yalijifunga nyuma yetu kana kwamba hatujapita. Majani yale ni ya kijani juu na meupe chini, na upepo ukipita msitu wote unabadilika rangi kwa pamoja halafu unarudi, kimya, hata ukadhani kuna kitu kikubwa kimegeuza kichwa kukutazama. Asubuhi, kukiwa na baridi, nilikuwa nimeona mvuke unaotoka ardhini Eburru ukipanda mlimani sehemu tatu, nikajisifu kwamba kwa alama zile siwezi kupotea. Sasa jua lilikuwa kali, mvuke haukuonekana tena, na alama zangu zote zilikuwa zimeyeyuka hewani.

"Cucu, utajuaje njia na huoni kitu?"

"Kwani nimekuambia natumia macho? Goti gani linapinda zaidi?"

Nikasikiliza magoti yangu. Sikuwahi kuyasikiliza kabla. "La kulia."

"Basi mlima uko kulia. La kulia likiendelea kupinda zaidi, tunaenda sawa. Tukirudi, liwe la kushoto."

Nawaambieni, hakuna kitu nilichofundishwa shuleni kilichonishangaza kama kile. Nilitembea nikiwa na mlima mzima ndani ya goti. Cucu alikuwa mbele, ameinama, anapita chini ya matawi ambako kuna nafasi, maana leleshwa imejaa juu lakini chini ni mashina matupu. Kila baada ya muda alilala kifudifudi akatazama kati ya mashina, akatafuta miguu minne myeusi. Mimi nilihesabu hatua. Nilifika mia, nikaanza upya, na kila mia nilikunja kidole. Vidole vikaisha.

Halafu ardhi ikawa tambarare. Magoti yote mawili yakawa sawa. Chini pakawa mwamba mweusi mgumu usioshika unyayo, na nyayo za Kairu zikaishia hapo. Kando ya mwamba palikuwa na kinyesi cha nyati, kibichi, kinang'aa. Cucu akakitazama, akatazama kulia, akatazama kushoto. Akanishika mkono.

"Cucu, tumepotea?"

"Hapana."

Nikamwamini, kwa sababu alilisema haraka sana. Tukaendelea, ingawa sasa tulizunguka kidogo, na shina moja lililovunjika nililiona mara mbili. Nilikuwa nawaza lile neno langu la langoni. Kumi na tisa. Niliona waziwazi kwamba ni mimi niliyemtoa Kairu duniani kwa mdomo wangu, na kwamba kesho sufuria letu litakuwa mgongoni mwa mama.

Nyayo zangu ndizo zilizotambua kwanza. Nilikuwa peku, na mwamba ulikuwa wa moto, moto unaotoka chini, si wa jua. Kisha nikasikia pumzi. Ndefu, nzito, inatoka, inatulia, inatoka tena. Nikajua huyo ndiye nyati. Cucu akayasukuma matawi kwa bega.

Palikuwa na tundu ardhini, jembe lingeweza kuingia, na mlima ulikuwa unapumua kupitia hapo. Kwa karibu mvuke ulionekana, mweupe, unajikunja kati ya majani na kuyalowesha mpaka yanadondosha matone katikati ya kiangazi. Na ndani ya mvuke ule, ametulia kama aliyefika kwake, alisimama Kairu. Miguuni pake kulikuwa na ndama, amelala juu ya udongo wenye joto, angali mbichi, na Kairu akimlamba. Manyoya ya wote wawili yalikuwa yanafuka. Ilikuwa kana kwamba ardhi yenyewe imemzaa muda uleule na bado haijaamua kumwachia.

Cucu alivua kilemba chake. Sijawahi, kanisani wala kwingineko, kumwona mtu akisimama namna ile.

Kisha akacheka, meno yake yote saba. "Tundu hili nalijua! Huku ndiko wanawake huja kukinga maji ya mvuke kiangazi, ila wao hupandia upande ule." Akaonyesha, na kweli palikuwa na kijia. Akafungua kamba yake ya ngozi ya kubebea kuni, akamfunga ndama, akamweka mgongoni, kamba ikapita kwenye paji la uso. Mzigo wa kuni wenye miguu minne. Kairu akafuata akilalamika njia nzima, na mimi nyuma ya Kairu.

Nyapara alipohesabu bomani alisema kumi na tisa, akamwona ndama, akasema ishirini, akakuna kichwa, akaanza tena. Nilimwelewa kabisa.

Jioni ile mama alimpa cucu chai mlangoni. Kikombe kilitetemeka mikononi mwa cucu hata chai ikammwagikia kanga, mama akakichukua akamnywesha kama mtoto. Nikajiambia ni uzito wa ndama.

Leo nimempita cucu umri. Nimebeba viazi sokoni miaka zaidi ya arobaini, na kuhusu mizigo hakuna wa kunidanganya. Mzigo unachosha miguu, unaumiza shingo, unakunja mgongo. Mikono hauitetemeshi. Kule juu kwenye mwamba nilimuuliza kama tumepotea, akasema hapana, na kwa neno hilo moja mimi nilitembea bila kulia. Aliyekuwa na kazi ya kuogopa alikuwa yeye, na aliiahirisha mpaka tukafika nyumbani.